Wajane Wawili wa Myanga na Kitabu cha Nukta

Siku yangu ya kwanza kazini nilikalia kitabu. Kilikuwa juu ya kiti, kinene kama mto wa kulalia, kurasa zake nyeupe hazina hata tone la wino, nami nikadhani mtu ameniwekea mto. Mwanamume aliyeketi upande wa pili wa meza aligeuza sikio.

"Simama, mwalimu," akasema. "Umekalia historia ya Kenya. Hizo nukta zikilala haziamki."

Huyo alikuwa Mwalimu Wekesa, mkuu wa kitengo cha wanafunzi wasioona katika shule moja mjini Kitale. Yeye mwenyewe hakuona tangu utotoni. Alikuwa ameambiwa ataletewa msaidizi mwenye macho, na nadhani alizipokea habari hizo kama mkulima anavyopokea habari za mvua ya mawe. Nilimwomba radhi kwa kutikisa kichwa, kisha nikakumbuka. Akangoja. Nikaomba radhi kwa mdomo. "Sasa umefika," akasema.

Nyinyi mnaoanza kazi hii mmeniomba niandike yale niliyoyaona kabla sijayasahau. Vyeo sitavitaja, vilikuja kwa kuchelewa na havikunifundisha kitu. Nitasema kidogo juu ya vifaa, halafu nitawaeleza habari za wajane wawili wa Myanga, kwa sababu kila nikiulizwa kazi ile ilikuwaje, hao ndio wanaonijia.

Breli ni nukta sita tu. Ukikata trei ya mayai ukabakiza matundu sita, matatu huku na matatu kule, una herufi zote za dunia mkononi. Mwalimu Wekesa alifundishia trei hiyo hiyo, na magunzi ya mahindi yaliyokatwa vipande badala ya mayai, maana mayai tulijaribu siku moja tu. Baada ya trei unakuja kwenye sleti, kile kibao chenye vidirisha, na stailasi, kisumari cha kutobolea. Unatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi ikiwa imegeuzwa, kisha unapindua karatasi ndipo maneno yanakuwa maneno. Wiki ya kwanza niliandika jina langu likasomeka kama ugonjwa. Mashine ya vitufe sita ni rahisi zaidi, lakini ni nzito kama jiwe la kusagia, na ilikuwa ya kugombaniwa.

Mwalimu Wekesa hakunikubalia kusoma kwa macho. Alinifunika mikono kwa koti lake, akaniwekea ukurasa chini ya koti, akaketi akinywa chai. Nikichungulia alijua, sijui alijuaje. "Mwenye macho akisoma nukta kwa macho," aliniambia, "ni kama kula ugali kwa kijiko. Tumbo linajaa, lakini mkono haujui kulikuwa na nini." Nilichukia koti lile muhula mzima. Kisha siku moja neno "maziwa" likapanda kwenye kidole changu lenyewe, nikapiga kelele, na wanafunzi wakauliza ni nyoka.

Jambo jingine mtakalokutana nalo mapema ni L na R. Katika breli zinatofautiana kwa nukta moja tu. Katika vinywa vya sehemu zetu hizi hazitofautiani hata kwa hiyo moja. Wanafunzi wa Bungoma waliniandikia "kurara", nami, mtoto wa Wakikuyu wa Trans-Nzoia, sikuwa na haki ya kumcheka mtu. Tulisahihishana kimya kimya.

Na waambieni wazazi mapema kuhusu pasi. Mama mmoja wa Kitale, mtu mwenye upendo mwingi, aliona kazi ya nyumbani ya binti yake imejaa vipele, akaichukulia kuwa imekunjamana, akaipiga pasi ukurasa kwa ukurasa. Msichana alikuja darasani na karatasi laini sana. Mwalimu Wekesa akapitisha mkono juu yake, akasema, "Hii ndiyo insha safi kuliko zote nilizopata kusoma."

Baada ya miaka mingi Kitale nilihamishiwa Bungoma kuwa mwalimu wa kuzunguka, kufundisha watu wazima nyumbani kwao. Nilikwenda kwa bodaboda, mashine nimeipakata. Dereva mmoja aliniuliza kama hiyo ni cherehani. Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza, mpaka aliponiletea suruali yake.

Mama Nasambu wa Myanga alisikia habari zangu kutoka kwa mwanafunzi wangu mmoja wa Bumula, akatuma ujumbe kwamba niende, na nisikawie. Alikuwa mama mzee, mrefu, aliyepofuka ukubwani kwa presha ya macho. Mume wake alikuwa amekufa na kuacha wajane wawili katika boma moja, nyumba zao zikitazamana, jiko katikati. Mama Nasambu ndiye mkubwa, na wana wake ndio waliorithi shamba. Mdogo aliitwa Truphosa, mwenyeji wa Kamukuywa, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alizaa mabinti watupu na wote walikuwa wameolewa mbali. Kwa desturi za huku, mnajua maana yake: asiye na mwana wa kiume hana haki ya shamba. Alikaa pale kwa sababu alikuwa anahitajika, na alihitajika kwa sababu Mama Nasambu haoni.

Truphosa alituletea chai. Mama Nasambu akamtuma akafunge mbuzi. Hatua zake zilipotoweka, akanisogelea.

"Mwarimu, huyu ndiye macho yangu. Kira jioni ananisomea Neno. Rakini siku hizi hilo Neno linanitatiza."

"Linakutatiza vipi, mama?"

"Juzi kulikuwa na ngamia aliyekataa mzigo. Akakaa chini, akakataa kabisa, mpaka mwenye mali akajua ati hata mnyama huchoka. Mimi nimeingia kanisani tangu nikiwa msichana. Huyo ngamia simjui."

"Labda pasta bado hajamfikia."

"Na kabla ya ngamia kulikuwa na mjane mkubwa aliyempatia mjane mdogo jogoo wake. Bira kuombwa." Akaelekeza kidole uani. "Hapa tuko na jogoo mmoja."

Nilikunywa chai yangu.

"Nifundishe nijisomee," akasema. "Na nikipata ameongeza hata neno moja, atarudi kwao Kamukuywa. Mtu wa kunidanganya kwa Neno atanidanganya hata kwa chumvi."

Alikuwa hafanyi mzaha. Nilitoka pale nikijua kwamba kila herufi nitakayomfundisha mmoja itampunguzia mwingine mahali pa kukaa. Hilo halikuwa katika mafunzo ya chuo.

Vidole vyake vilikuwa kazi. Vilikuwa vimeinua sufuria motoni bila kitambaa tangu ujana, vikashika jembe, vikapukuchua mahindi. Kile cha shahada hakikusikia kitu. Ningeweza kukiwekea msumari. Lakini Mwalimu Wekesa alikuwa amenifundisha nijaribu vidole vyote kumi kabla ya kukata tamaa. Tulivijaribu kimoja kimoja, na kile cha pete cha mkono wa kushoto, ambacho maisha yake yote hakikuwahi kufanya kazi yoyote ya maana, ndicho kilichosikia. "Kumbe huyu alikuwa anajificha," Mama Nasambu akasema.

Tulifanya masomo jikoni. Kwa karatasi tulitumia kalenda za mwaka uliopita, maana ni nzito na nukta hukaa. Truphosa aliketi kwenye kigoda akichagua maharagwe, amenyamaza. Nilimwachia mambo ya kumfanyisha Mama mazoezi siku ambazo sipo: karatasi za nukta, na karatasi moja ya wino yenye alfabeti na maelezo yangu, ili amsahihishe.

Kila nilipoondoka alinisindikiza mpaka barabarani. Siku ya kwanza hakusema kitu. Siku ya pili aliniuliza, "Mwalimu, atajua kusoma lini?"

"Akiendelea hivi, kabla ya mwaka kuisha."

Akatembea kidogo. "Si unaweza kufundisha pole pole?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Wiki chache baadaye Mama Nasambu alikuwa anahangaika na neno, kidole kinakwenda na kurudi. "Kura," akasema. "Hapana. Kula."

"Ni kura, mama," Truphosa akasema kutoka kwenye kigoda, bila kuitoa mikono kwenye maharagwe. "Iko na ile nukta ya kando."

Alikuwa mbali na meza. Ameisoma kwa macho, na kwa upande. Nilishangaa, nikampa simu yangu anisomee ujumbe uliokuwa umeingia, kwa kuwa miwani yangu ilikuwa mkobani. Aliishika simu, akaitazama kwa heshima, akanirudishia. "Macho yangu ni mabaya siku hizi, mwalimu."

Nikamwuliza iko wapi ile karatasi yangu ya wino. Akasema mbuzi alikula. Karatasi za nukta, ambazo zilikuwa pale pale mezani, mbuzi hakuzigusa.

Alipokuwa ananisindikiza nilisimama kabla hatujafika barabarani. "Truphosa, wewe wino hausomi."

Aliangalia huku na huku kama kwamba mihogo ingesikia. "Nilitoka shule darasa la pili," akasema. "Wakati wa kuolewa watu wa kwetu walisema nimemaliza la saba. Marehemu hakuwahi kuniuliza nisome kitu. Mama ndiye, macho yalipokwisha, akanipatia kitabu akasema, soma. Ningesema nini?"

"Sasa jioni zote hizo?"

"Mwanzo nilikuwa natoa yale nimesikia kanisani. Niko na kichwa ya kushika maneno. Lakini yakaisha, mwalimu. Jioni ni nyingi kuliko mahubiri. Nikaanza kujazia."

"Na hizi nukta umezijuaje?"

"Hizi zako zinakaa mahali pamoja. Zile za wino zinatambaa tu kama siafu. Hizi ni sita, na wewe unazieleza kila siku nikiwa hapo."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta na mwanafunzi ambaye sikuwa nimeandikiwa: mtu mwenye macho mazima anayesoma breli na hawezi kusoma kibao cha duka. Nilimwambia Mama Nasambu kwamba msaidizi pia anapaswa kufundishwa, ni kanuni. Kanuni hiyo sikuwahi kuiona mahali. Mama akakubali, kwa kuwa aliamini serikali inaweza kufanya jambo lolote.

Nilimsihi Truphosa amweleze Mama mwenyewe kabla sijaleta kitabu cha Neno cha nukta. Akasema atamweleza Jumapili. Jumapili zikaja, zikaenda. Nilimwelewa. Ukiwa huna mwana wala shamba, na mahali pako pote ni kitabu kilichofunguliwa jioni, huwezi kukifunga kwa mkono wako.

Maandiko yote kwa breli ni rundo la vitabu linaloweza kujaza kitanda. Niliazima kimoja, nikakifunga kwa nailoni, nikakipakata mpaka Myanga. Mama Nasambu alinawa mikono kwa sabuni, akaikausha, akaketi nacho. Mchana ule wote alisoma ukurasa mmoja. Midomo ilikuwa inatembea bila sauti. Mvua ilianza, barabara ikawa tope, na bodaboda akapiga simu kusema haji. Kwa hiyo nilikuwepo.

Mama Nasambu aliinua uso. "Truphosa. Reta kitabu chako. Soma mahari hapa nimesoma, mwarimu asikie."

Truphosa alikwenda nyumbani kwake, akarudi na kitabu cha wino chini ya kanga, kisilowe. Nilimfungulia ukurasa. Alikishika. Mvua ilikuwa inapiga mabati, na nilifurahi kwamba inapiga, maana vinginevyo tungesikiana mioyo.

Akakifunga. Akakiweka juu ya debe la unga. Kisha akazunguka meza, akainama juu ya bega la Mama Nasambu, akausoma ukurasa wa nukta, neno kwa neno, taratibu, mpaka chini. Hakuongeza kitu.

Mama Nasambu alikuwa anamfuata kwa kidole. Kilipofika mwisho kikakaa hapo.

"Mbona umesoma changu?"

"Kwa sababu changu sijui kusoma."

"Hujui kusoma mahari hapo?"

"Sijui kusoma mahali popote, mama. Sijawahi kujua."

Nilitazama moto. Ulihitaji kuni, lakini hakuna aliyesimama.

"Miaka yote hii?"

"Yote."

"Yule ngamia?"

"Nilimtunga."

"Na mjane wa jogoo?"

"Huyo pia."

Mama Nasambu akapapasa mpaka akapata kikombe chake, akanywa chai iliyokwisha kupoa. "Ngamia alikuwa mzuri," akasema. Kisha akainuka na kwenda nyumbani kwake kwenye mvua, bila kutaka kushikwa mkono.

Wiki iliyofuata nilikwenda mapema. Nilitarajia kukuta nyumba moja imefungwa kufuli. Niliwakuta wote wawili jikoni, lakini hawasemezani. Walipitishiana chumvi kama watu wa ofisi mbili. Mama Nasambu alisoma vizuri siku ile, kwa hasira. Tulipobaki peke yetu nikamwuliza kama bado anampeleka Kamukuywa.

"Nirisema akiongeza neno moja," akajibu. "Huyu hakuongeza. Huyu amepika chakula chote. Hiyo ni kesi nyingine."

Akakifunga kitabu. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Unajua kitu kimeniuma, mwarimu? Si uwongo. Watu hudanganya. Rakini huyu alikaa kando yangu kira jioni akiwa na hofu, na mimi nirikuwa nasikiliza hadithi. Mimi mtu wa masikio. Hofu yake sikuisikia hata mara moja."

Truphosa alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na mtungi wa maji, na nadhani alisikia, kwa kuwa alikaa muda mrefu mno kabla ya kuutua.

"Na wewe uliyesimama hapo," Mama Nasambu akasema bila kugeuka, "yule jogoo mchukue. Rakini usiseme ati ni Mungu amekupa. Ni mimi."

Baada ya hapo jioni zao zikawa na utaratibu mpya. Kwanza Neno, wakisoma kwa zamu katika kitabu kimoja, mmoja kwa kidole na mwingine kwa macho. Halafu Mama Nasambu anakifunga na kusema, "Sasa reta zako," na Truphosa anatoa hadithi zake. Wajukuu walianza kuja kwa hizo za pili. Kwa za kwanza walichelewa.

Mwaka wangu wa mwisho kazini kanisa lao lilimchagua Truphosa asome mbele ya watu. Walikuwa wamesikia kwamba anasoma vizuri nyumbani, jambo ambalo lilikuwa kweli. Wino alikuwa ameanza kujifunza, lakini bado ulimchelewesha, kwa hiyo aliamua kwenda na kitabu cha nukta. Alinialika, nikaketi nyuma.

Alisimama pale mbele amevaa kitambaa cheupe, akafungua kile kitabu kinene kisicho na wino, akainama, akasoma. Alisoma kwa sauti yake ya chini, na watu wote wakasikia, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyepumua. Mimi nilidhani ni usomaji mzuri. Kisha mama mmoja mbele yangu akaanza kufuta machozi kwa leso. Akamnong'oneza mwenzake, "Hata huyu! Bana, hata huyu amepofuka!"

Habari zilipita benchi kwa benchi kama moto wa nyasi. Truphosa alipomaliza, pasta alimwekea mkono kichwani na kuwaombea wajane wote wawili, kwa urefu, akitaja macho mara nyingi. Nilimtafuta Mama Nasambu. Alikuwa benchi la kwanza, amenyooka. "Amina" yake ilikuwa ya juu kuliko za wengine wote.

Baada ya ibada niliwafikia nje. "Kwa nini hukuwaambia?" nikamwuliza Truphosa.

"Niwaambie nini, mwalimu? Kwamba naona vizuri ila nilikuwa sijui kusoma? Wacha tu waombe. Maombi hayajawahi kuharibu jicho."

Watu walikuwa wanasogea kutoka kila upande, akina mama kwa wazee, wote wakinyoosha mikono kutaka kumshika kiwiko na kumwongoza. Truphosa alisimama katikati yao, hajui aangalie wapi, maana sasa kuangalia kwenyewe kulikuwa shida. Ndipo Mama Nasambu alipojipenyeza kwa fimbo yake, akampapasa bega, akashuka mpaka kwenye mkono, akaushika.

"Mwacheni," akawaambia. "Mimi nimezoea mambo haya. Nitampeleka."

Watu wakapisha. Akatangulia, fimbo mbele, Truphosa akimfuata kichwa chini, na hivyo akamwongoza mpaka nyumbani.